Kazi Nairobi, Kura Kwingine: Ukae Jijini, Kiambu, Machakos au Kajiado?

Nyumba umeipenda, kodi unaimudu, na mwenye nyumba ameshakuuliza utahamia lini. Kinachokurudisha nyuma ni siasa. Watu wa kaunti ile hawapigi kura kama wewe, gavana wao hukumchagua, na jina lako la ukoo linakutambulisha kabla hujafungua mdomo. Makala haya ni ya mtu anayefanya kazi Nairobi na anayechagua kati ya kubaki jijini na kuvuka mpaka: kuingia Kiambu (Ruaka, Kikuyu, Ruiru, Juja), Machakos (Syokimau, Mlolongo, Athi River) au Kajiado (Rongai, Ngong, Kitengela).

Kisheria huna wa kumwomba ruhusa. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, na ya 40 inampa haki ya kumiliki mali popote. Ila Katiba haileti maji kwenye mfereji wako wala haimtulizi jirani mwezi wa uchaguzi. Hayo yanahitaji kupimwa.

Vigezo vya kupimia

Anza kwa kutenganisha siasa inayoingia nyumbani kwako na ile inayoishia redioni. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi waziwazi. Kaunti inashika zahanati na hospitali zake, maji na majitaka, takataka, barabara za mitaani, taa, maegesho, idhini ya ramani za ujenzi, leseni za biashara na za pombe, na shule za chekechea. Serikali ya kitaifa inashika polisi, shule za msingi na sekondari, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu. OCS, yaani mkuu wa kituo chako cha polisi, hapokei amri kutoka kwa gavana, wala chifu wa lokesheni yako hazipokei. Mtu anayekwepa kaunti fulani kwa hofu ya usalama, eti kwa sababu ya chama cha gavana, anaiogopa ofisi isiyoamuru polisi hata mmoja. Afadhali amwogope gavana huyo kwa sababu ya maji.

Kigezo cha pili ni wadi, si kaunti. Kaunti ni kubwa mno kukuambia jirani yako ni nani. Tafuta Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais katika kila kituo cha kupigia kura. Za uchaguzi wa 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, iliziweka hadharani kwenye tovuti yake. Soma za shule iliyo karibu na nyumba unayoitaka. Kura zikiwa zimegawanyika, hata sita kwa nne, mtaa huo umezoea kuishi na watu wa pande mbili. Zikiwa tisa kwa moja na wewe uko na yule mmoja, utakaa salama siku nyingi za mwaka, lakini kwenye mkutano wa wakazi utakuwa mgeni.

Tatu ni pesa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti zote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Usiangalie kilichopangwa, angalia kilichotumika, kisha angalia madeni ya wakandarasi. Gavana wa chama chako asiyelipa wakandarasi hataziba shimo la mtaani kwako.

Nne ni joto la uchaguzi. Machafuko ya 2007 na 2008 yaliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa wengine kwa mamia ya maelfu kutoka makwao, na familia nyingi bado huchagua nyumba zikiwa na kumbukumbu hiyo. Si woga wa bure. Lakini tazama pia maandamano ya Juni na Julai 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha: yalifika Githurai, Rongai na Kitengela, sehemu zenye magavana wa vyama tofauti na wakazi wa makabila yote. Moshi ulifuata barabara kuu, steji na soko. Haukufuata chama cha kaunti. Kwa mpangaji, umbali kutoka stejini hadi langoni una maana kuliko rangi ya bango la gavana.

Viwili vya mwisho ni ardhi, kwa anayenunua, na njia ya kazini, kwa kila mtu.

Kubaki Nairobi

*Siasa.* Jiji lina maeneobunge 17 na wadi 85, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Hakuna kabila linaloweza kulitawala peke yake, na vyama hugawana viti hivi kwamba gavana hujikuta akibishana na bunge lake mwenyewe. Gavana wa sasa, Johnson Sakaja, alichaguliwa 2022 kwa chama cha UDA katika jiji ambalo muungano pinzani wa Azimio ulikuwa na nguvu kubwa. Anayetaka msimamo wake usionekane hawezi kupata mahali pa kujificha pazuri zaidi. Tatizo la Nairobi ni kuyumba. Februari 2020 Mike Sonko alitia saini kukabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango kwa serikali ya kitaifa, na Desemba mwaka huohuo akabanduliwa. Mkazi aliyekuwa akifuatilia idhini ya ramani alijikuta akitafuta ofisi mpya katikati ya safari.

*Huduma.* Mtandao wa maji na wa majitaka ni mpana kuliko wa majirani zake, ingawa maji huja kwa mgao. Uliza siku za mgao kwa jina, Jumanne au Alhamisi, na ujazo wa tangi la ploti. Jibu la "maji yako" halitoshi.

*Ardhi.* Sehemu kubwa ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu, kwa hiyo kuna pango la serikali ya kitaifa na kodi ya ardhi ya kaunti, na utahitaji vyeti vya kutodaiwa vyote viwili kabla ya kuhamisha umiliki. Upekuzi wa hati hufanyika Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni ulioanza 2021 hapa Nairobi. Ukinunua fleti, dai hati yako mwenyewe chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Mkataba wa kukodishwa uliotiwa saini na mjenzi peke yake haukulindi ipasavyo.

*Joto.* Limejikita mahali: katikati ya jiji siku za maandamano, na mitaa michache ya mabanda iliyogawanyika kwa vikundi. Mtaa wa tatu kutoka hapo huweza kupitisha uchaguzi kwa mlango kufungwa siku mbili tu.

*Inamfaa* mpangaji, mwenye ndoa ya makabila mawili anayetaka watoto wakue bila kuulizwa "nyinyi ni wa wapi", na asiyetaka kuamka saa kumi na moja.

Kiambu

*Siasa.* Hapa jambo la kuelewa ni mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Kiambu, yenye watu 2,417,735 kwa sensa ya 2019, hufuata wimbi moja: TNA 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Anayeshinda tiketi ya chama cha wimbi amekaribia kushinda kiti, kwa hiyo kura yenye uzito hupigwa kabla ya Agosti. Mgeni anayesubiri siku ya uchaguzi mkuu amekuta wali umeshapakuliwa. Usidhani chama kimoja maana yake utulivu, kwa kuwa wanaogombana ni wa nyumba moja: William Kabogo aliangushwa na Ferdinand Waititu, na Waititu akabanduliwa, Seneti ikithibitisha Januari 2020. Kimani Wamatangi aliingia 2022.

Wadi zinatofautiana sana. Kikuyu na Limuru ni za wenyeji zaidi, na baraza la mtaa huendeshwa Kikikuyu. Ruiru, Juja, Kahawa Sukari na Ruaka zimejaa wahamiaji. Chunga pia mpaka: Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu, Runda iko Nairobi, Ruaka ya jirani yake iko Kiambu. Wenye nyumba wengi hutangaza "Nairobi" bila kujali, na wewe unagundua siku unapotafuta leseni ya duka.

*Huduma.* Hakuna kampuni moja ya maji. Thika ina yake, Ruiru na Juja yake, Kikuyu yake, Limuru yake, na ubora haulingani. Nje ya miji mikuu mabomba ya majitaka ni haba, kwa hiyo uliza tangi la majitaka hujaa baada ya muda gani na nani hulipia lori la kunyonya. Kuhusu afya, Thika Level 5 na Kiambu Level 5 ni hospitali za kaunti, na mgomo wa madaktari wa 2025, uliodumu kwa miezi, ulionyesha jinsi ugomvi wa mwajiri wa kaunti unavyomfikia mgonjwa. Mwenye mgonjwa wa kliniki za kila mwezi aupe uzito huo.

*Ardhi.* Sehemu kubwa ni ya umiliki wa kudumu, jambo zuri. Ubaya ni mashamba ya kahawa yaliyokatwa vipande vya futi 50 kwa 100 huku hati ikisema bado ni shamba la kilimo. Utahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita ya kutia saini mkataba (ukichelewa, mkataba hukosa nguvu), pamoja na kibali cha kubadilisha matumizi kabla ya kujenga fleti. Kwa kampuni za kununua ardhi za Ruiru, Juja na Thika, cheti cha hisa si hati miliki, hata kikiwa na muhuri mwekundu.

*Joto.* Mitaa ya Kiambu hupitisha uchaguzi kimya. Anayepiga kura tofauti hujisikia mpweke kuliko kuwa hatarini. Githurai ni hali nyingine, kwa sababu ya barabara na soko.

*Inamfaa* anayetegemea barabara ya Thika, iliyokamilika 2012, au treni ya Ruiru na ile ya Kikuyu, na anayetaka kujenga kwenye hati isiyo na kikomo cha miaka.

Machakos

*Siasa.* Makao makuu yako mjini Machakos, kilomita zaidi ya 60 kutoka Nairobi, ilhali wewe utaishi Mavoko, ukingoni kabisa. Umbali huo ndio siasa yenyewe. Wiper ndicho chama cha nyumbani: Alfred Mutua aliingia nacho 2013, akatetea kiti 2017 kwa Maendeleo Chap Chap, kisha Wavinya Ndeti akakirudisha kwa Wiper 2022. Mavoko, ambayo ni Athi River, Kinanie, Muthwani na Syokimau/Mlolongo, ina viwanda na wakazi wa kila kabila. Lalamiko lao la kudumu ni kwamba kodi zinaondoka Mavoko na barabara hazirudi. Hapo utapata washirika haraka, hata kama hupigii Wiper kura.

*Huduma.* Maji ndiyo shida nambari moja. Mitaa mingi ya Syokimau huishi kwa visima vya pamoja na maboza. Onja maji, kisha chemsha kidogo kwenye sufuria safi uone ukoko mweupe unaobaki. Maji ya chumvi hula mifereji na mashine ya kufulia.

*Ardhi.* Hapa ndipo pa kusimama na kupumua. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zimekaa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 nyingine zikabomolewa Mavoko baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni ya saruji. Wengi walioumia walikuwa na karatasi mkononi. Kwa hiyo upekuzi wa hati peke yake hautoshi: agiza ramani ya eneo kutoka Idara ya Upimaji, mpeleke mpima aliyesajiliwa akalinganishe vigingi na ramani, fuatilia hati ya mwanzo ambayo ploti ilikatwa kutoka kwake, na uulize mahakamani kama kuna kesi juu ya namba hiyo ya mwanzo. Muuzaji akikuambia "wote hapa wamejenga bila hayo", amekuambia ukweli, na ndio ulioleta tingatinga.

*Joto.* Mlolongo hushika moto mara moja, kama Julai 2023 kituo cha kulipia ushuru cha Expressway kilipovamiwa. Ndani ya Syokimau, mitaa yenye ukuta na chama cha wakazi huwa kimya.

*Inamfaa* anayefanya kazi viwandani, uwanja wa ndege au Mombasa Road, na mwenye haraka ya kufika Westlands: Expressway ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022, na treni ya Syokimau ipo tangu 2012. Anayenunua bila wakili, Mavoko haimfai.

Kajiado

*Siasa.* Kaunti hii, ya watu 1,117,840 mwaka 2019, inaishi na siasa mbili kwa wakati mmoja. Ugavana ni mazungumzo ya Wamaasai na koo zao, nao wana uchungu halali wa kuona malisho yakiuzwa hadi ng'ombe wakakosa pa kupita. Kajiado Kaskazini, yaani Ngong na Rongai, ina wahamiaji wengi kiasi cha kuamua kiti chake yenyewe: 2022 gavana Joseph ole Lenku alishinda kwa ODM huku eneobunge hilo likimpeleka bungeni mtu wa UDA. Mgeni anapata sauti katika ngazi ya wadi na eneobunge, na anafanya vyema kutambua kwamba ngazi ya juu ina wenyewe. Anayehamia Kitengela na kuwaita wafugaji "watu wa kusumbua barabarani" amejitafutia uadui usio na faida. Njia ile ya ng'ombe ilikuwapo kabla ya lami.

*Huduma.* Visima ni virefu na sehemu nyingi maji yana floridi nyingi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaizidisha tu maji yanapopungua. Mwenye watoto wa chini ya miaka minane apime maji maabara kabla ya kulipa amana, na akusanye ya mvua kwa kunywa.

*Ardhi.* Ranchi za vikundi ziligawanywa kuwa ploti, na nyingine sasa ziko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ambapo kuuza kunahitaji idhini ya theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa. Mzee mmoja mwenye sahihi nzuri hatoshi. Hata kwenye hati ya mtu binafsi, mwenzi wake wa ndoa atie sahihi.

*Joto.* Rongai na Kitengela huwaka stejini, kisha huzima. Njia ya Magadi ikifungwa huna njia ya pili iliyo rahisi; Kitengela nayo inaitegemea barabara ya Namanga. Siku kama hizo hufiki kazini, na hilo ndilo gharama kubwa ya kisiasa ya Kajiado kwa mwajiriwa.

*Inamfaa* anayefanya kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, anayetaka nafasi, na aliye tayari kuwajua majirani wafugaji kwa majina.

Kwa hali yako

Ukiwa mpangaji asiye na mtoto shuleni, siasa isikunyime usingizi. Notisi ni ya mwezi mmoja. Chagua kwa njia ya kazini na maji, popote kati ya nne hizi.

Ukinunua, panga kwanza mtaani humohumo, angalau upitie mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Kama unaweza kusubiri, upitie na kampeni: uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na miezi mitatu kabla yake itakuonyesha mtaa ulivyo hasa.

Ukiwa na biashara ya mtaani, duka, baa au kinyozi, uzito wa kaunti ni mara mbili kwako, kwa sababu leseni na askari wa kaunti ni wake. Soma Mswada wa Fedha wa kaunti, unaobadilisha ada kila mwaka. Nairobi na Kiambu zina wateja wengi na askari wengi. Mavoko na Kitengela zina nafasi ya kukua.

Ukiwa wa jamii iliyowahi kufukuzwa mahali na moyo bado unaruka usiku wa matokeo, usilazimishe. Chukua mtaa mchanganyiko wa Nairobi, au Ruiru, au Syokimau, mbali na steji, wenye kundi la simu la wakazi linalofanya kazi.

Na popote utakapokaa, hamisha kura yako. Wengi huishi Rongai miaka kumi na kupiga kura kijijini, kisha hushangaa mbona mwakilishi wadi hapokei simu. Nenda na kitambulisho kwenye ofisi ya IEBC ya eneobunge unaloishi ujaze fomu ya kuhama, mapema, kwa maana uhamisho husimamishwa uchaguzi ukikaribia. Kisha weka alama kwenye kalenda: makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai kamati huwasikiliza wananchi. Peleka ombi moja lililoandikwa, lenye jina la barabara, urefu wake kwa mita na sahihi za majirani, wa chama chako na wa chama kile kingine.